Kiti cha magurudumu cha rimoti kwenye mteremko wa Kadutu: shajara ya mradi

Tuko wanne, mwaka wa tatu wa elektroniki, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kazi tuliyopewa ni ya mstari mmoja: tengenezeni kiti cha magurudumu kinachoendeshwa kwa rimoti, kwa bei ndogo. Darasani tunasoma kwa Kifaransa na ripoti ya mwisho itakuwa ya Kifaransa. Shajara hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu fundi baiskeli wa mtaa wetu wa Kadutu aliyekubali kutusaidia ametuambia wazi kwamba anataka kusoma kile alichochangia. Bei zote ni za dola, na franga za Kongo tulizihesabu 2.800 kwa dola moja, mwaka 2024. Bajeti tuliyojiwekea ni dola 150.

Kiti ni cha Tantini, mdogo wake mama yangu. Polio ilimpata akiwa mtoto. Sasa anashona nguo nyumbani kwake, na kiti chake ni kile cha kusukuma kwa mikono, magurudumu ya nyuma ya inchi 24. Mikono ina nguvu bado, lakini mabega yameanza kumwuma, na nyumba iko chini ya barabara. Kutoka ni kupanda.

20 Januari 2024: Kupima mlima kwanza

Kwenye video tulizotazama, viti vya aina hii vinazunguka juu ya sakafu ya vigae. Bukavu sakafu ya namna hiyo haikufikishi mbali. Tulishuka kwa Tantini na ubao wa mita moja na pima-maji ya fundi mwashi, tukapima njia kutoka mlangoni hadi barabarani, mita 38. Sehemu kubwa, ubao ukilala sawa, ncha yake ya upande wa chini inabaki hewani sentimita 11. Mahali pamoja karibu na mfereji ilikuwa 15, na jirani ameturuhusu kupajaza kokoto.

Hesabu ni hii. Tantini ana kilo 58, kiti kilo 19, vyuma na betri tukakadiria, na jumla tukaiweka kilo 100 ili tusijidanganye. Kupandisha kilo 100 kwenye mwinuko wa 11 kwa 100 kunataka nyutoni 108 hivi. Ongeza 30 za udongo unaokamata magurudumu, unafika karibu 140. Kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingoni ni sentimita 30, kwa hiyo magurudumu mawili yanahitaji msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa nyutoni-mita 42, kila upande 21.

Muuzaji wa vyuma vya magari hajui msokoto wa mota anazouza. Tulimwomba atuazime mota moja ya waipa, zile za kufutia kioo cha gari, tukafunga kwenye mhimili wake chuma cha sentimita 25 na kuning'iniza ndoo kwenye ncha. Kwa volti 12 iliinua ndoo ya kilo 4 bila kulalamika. Kwa kilo 6 ikasimama. Yaani nyutoni-mita 10 ambazo unaweza kuzitegemea, nusu ya tunachohitaji.

Jibu lilitoka kwa fundi baiskeli kabla hatujafunga daftari: duara la meno 44 liende kwenye gurudumu la kiti, lile dogo la meno 18 liende kwenye mota, kama baiskeli iliyogeuzwa. Msokoto unazidi mara 2,4 na mwendo unapungua kwa kiasi hichohicho. Kwenye tambarare tutapata kilomita 2 na kidogo kwa saa, mwendo wa bibi harusi.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua mota za waipa, mbali na bei. Ndani yake kuna skrubu ndefu inayozungusha gurudumu la meno. Skrubu inaweza kulizungusha gurudumu, ila gurudumu likijaribu kuizungusha skrubu linakwama. Ukikata umeme katikati ya mlima, mota inajifunga yenyewe. Hiyo ndiyo breki yetu, tumeandika kwenye mpango.

3 Februari: Manunuzi

Mota mbili za waipa kutoka gari lililokatwa, dola 30. Arduino Uno ya kuigiza, yaani kompyuta ndogo ya kadi moja itakayoziamuru mota, 12. Moduli ya Bluetooth HC-05, 8. Moduli ya kuendesha mota L298N, 6. Betri mbili zilizotumika za UPS ya kompyuta, volti 12 na ampea-saa 7 kila moja, 10 kwa zote. Friwili mbili za meno 18, zile za gurudumu la nyuma la baiskeli, maduara mawili ya meno 44 na cheni mbili, 19. Fundi wa kuchomelea alichukua 12 kwa kutengeneza mabamba ya kushikia mota. Jumla hadi leo 97, na kiti hakijasogea hata hatua moja.

17 Februari: L298N imeungua

Iliishi sekunde nne. Tuliunganisha mota moja tu, gurudumu likiwa hewani, tukabonyeza kwenda mbele. Mota ikatingishika, ukaja ule moshi mwembamba mweupe ambao kila mtu wa elektroniki anaujua kwa harufu.

Kosa ni letu. L298N inabeba ampea 2 kwa kila upande. Baadaye tuliipima mota yetu: ikizunguka bila mzigo inakula ampea 3, na kwenye ile nukta ya kuanza, mshale unaruka kupita 20. Tulinunua L298N kwa sababu kila mwanafunzi ananunua L298N. Asistanti wetu alitazama kipande kilichoungua, akauliza kama kuna hata mmoja wetu aliyesoma karatasi yake ya maelezo. Hakuna aliyejibu.

Tumeagiza moduli nyingine mbili za kuendesha mota, BTS7960, ambazo muuzaji anaandika ampea 43. Msiamini namba hiyo kwa kazi ya mfululizo. Kwa mota yetu, isiyozidi 15 ikipanda, zinatosha zikiwa na bamba lao la alumini la kupozea. Mbili pamoja na usafiri ni dola 26. Zinatoka Kampala, zinapita Goma, kisha zinashuka kwa boti ya ziwani. Kwa hiyo tunangoja.

Katika kungoja tulijaribu relei nne za gari, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme, dola 8 na soketi zake. Zinafanya kazi, lakini relei haijui polepole: ni kuwaka au kuzima. Kiti kinaruka kama mbuzi. Ukiwa huna BTS7960 na unachobeba ni mizigo tu, relei zinatosha. Kwa mtu, hapana.

16 Machi: Mwili wa mota ni hasi

Hili halikuwa kwenye video hata moja, na limetula wiki nzima.

BTS7960 zilifika. Mota ya kushoto peke yake: safi, mbele na nyuma. Mota ya kulia peke yake: safi. Zote mbili zikiwa zimefungwa kwenye kiti, ukienda mbele sawa, lakini ukigeuza moja irudi nyuma ili kiti kikate kona, cheche na fyuzi imekwenda. Tulichoma fyuzi tatu tukibishana kuhusu programu.

Programu haikuwa na kosa. Kwenye gari, mwili wote wa chuma ni upande wa hasi, kwa hiyo aliyetengeneza mota ya waipa hakuona haja ya waya wa hasi: brashi moja, kile kipande cha kaboni kinachopeleka umeme ndani ya mota, imeunganishwa moja kwa moja na ganda la mota. Sisi tunapogeuza mwelekeo, ganda linakuwa chanya. Mota mbili zimefungwa kwenye fremu moja ya chuma, moja ganda lake ni hasi, nyingine ni chanya. Fremu ya kiti imegeuka waya unaounganisha chanya na hasi ya betri. Na Tantini angekuwa ameweka mkono hapo.

Dawa ya kwanza ilikuwa vipande vya mbao na mpira wa tyubu kati ya mota na bamba, na boliti zilizovikwa mirija ya plastiki. Umeme ukatengana kweli, ila cheni ikivuta, mbao inalegea na cheni inatoka. Siku mbili tukaiacha.

Dawa ya pili ndiyo ya kuiga. Fungua mota, tafuta brashi iliyoshikamana na ganda, ikate hapo, ulehemu waya mnene wa milimita za mraba 2,5 na uutoe nje kupitia tundu lenye mpira. Pima kwa multimita: kati ya ganda na nyaya zote kusiwe na mawasiliano kabisa. Kabla ya kufungua, chora mstari wa kalamu unaovuka ganda na kifuniko. Mota ya kulia hatukuichora, tukaifunga ganda likiwa limegeuka nusu duara, sumaku zikabadilishana nafasi na mota ikaanza kuzunguka kinyume. Si hasara, unabadilisha nyaya mbili tu, lakini inatisha ukiwa hujui sababu.

Gharama ya dawa hii ni bure, ukiacha mchana wa Jumamosi mbili.

6 Aprili: Simu ikalia

Abiria wa kwanza ni mfuko wa mchanga wa kilo 60, umefungwa kwa kamba kwenye kiti. Uwanja ni tambarare nyuma ya maabara. Rimoti ni simu ya Android yenye programu ya bure tuliyoipakua: ukibonyeza mshale inatuma herufi moja, ukiachia inatuma S ya kusimama. Arduino inapokea kupitia HC-05. (Mguu wa kupokea wa HC-05 unataka volti 3,3, Arduino inatoa 5. Weka rezista mbili, kilo-ohmu 1 na 2, zigawane. Hili tulilifanya sawa tangu mwanzo, nalisema ili mjue kuna lililokwenda sawa.)

Kosa la kwanza: kila kiti kikianza kwa nguvu, Arduino inajizima na kuwaka upya. Betri za UPS zilizochoka zilikuwa zinaonyesha volti 12,6 zikipumzika na kushuka hadi 6,4 mota zikianza. Tumeweka diodi, kapasita kubwa ya mikrofaradi 4700, kisha moduli ya LM2596 ya kushusha hadi volti 5, vyote kwa ajili ya Arduino peke yake. Mota zikinyonya, diodi inazuia akiba ya kapasita isirudi kwao. Tatizo limepungua, halijaisha, maana betri ni zilezile.

Kosa la pili ndilo lililotunyamazisha. Mwenzetu alikuwa ameshika kidole kwenye mshale wa mbele, na simu yake ikapigwa. Ukurasa wa kupokea simu ukafunika programu. Yeye akaachia kidole, lakini herufi S haikutumwa, kwa kuwa programu haikuwa mbele tena. Arduino ilikuwa imeambiwa nenda, na hakuna aliyeiambia simama. Ikaenda. Mfuko wa mchanga ulivuka uwanja mzima, tukiufuata mbio, ukagonga ukuta na magurudumu yakaendelea kuchimba udongo hadi tulipochomoa waya wa betri.

Aliyempigia alikuwa mama yake, akiuliza kama amekula.

Tumebadilisha mantiki yote. Sasa ukimya maana yake ni simama. Simu inatuma herufi kila milisekunde 200 muda wote kidole kinapokuwa chini, na Arduino ina saa yake: ikipita milisekunde 400 bila herufi, inakata mota. Programu ya kupakua haiwezi kutuma mfululizo, kwa hiyo tulitengeneza yetu kwa MIT App Inventor, chombo cha bure cha kutengenezea programu za simu, tukitumia kipande chake cha saa. Kazi ya jioni mbili kwa mtu ambaye hajawahi kuigusa. Tulijaribu mara 20: kupiga simu, kuzima Bluetooth, kwenda nyuma ya jengo, kutoa betri ya simu. Mara zote 20 kiti kilisimama chini ya nusu sekunde.

Mkiiga mradi huu na mkaruka kila kitu kingine, hili msiliruke.

27 Aprili: Friwili

Leo kwa mara ya kwanza kwenye mteremko wa Tantini, mfuko wa mchanga uleule, kamba nene nyuma ya kiti na watu wawili wameishika. Kamba lilikuwa wazo la fundi baiskeli. Sisi tulikuwa tumeshaandika kwamba mota inajifunga yenyewe.

Kupanda: safi kabisa, polepole, cheni imekaza, majirani wametoka kutazama. Tukageuza kushuka. Mita mbili za kwanza sawa, kisha kiti kikaanza kwenda haraka kuliko mota, cheni ikilegea, na ile sauti ya tik-tik-tik ya baiskeli inayoteremka bila kukanyagwa. Wawili wa kamba waliburuzwa hadi karibu na mfereji.

Sauti ile ilitosha kueleza kila kitu. Friwili imetengenezwa ili gurudumu liweze kwenda mbele bila mguu kukanyaga. Mota yetu ilikuwa imejifunga vizuri kama tulivyosema, lakini kati yake na gurudumu tumeweka kifaa ambacho kazi yake ni kuachia. Na kwa nini hatukugundua tulipojaribu kurudi nyuma uwanjani? Tuligundua. Kiti kilikuwa kinarudi kwa kusitasita, friwili ikikamata kwa grisi nzito tu, na sisi tukalaumu betri. Betri ilikuwa mbaya kweli, kwa hiyo lawama ilikuwa na pa kukaa.

Fundi baiskeli alicheka kwa muda mrefu. Kisha akasema alidhani tunajua.

Dawa ni kuchomelea friwili isizunguke ndani yake, dola 5 kwa zote mbili. Kabla ya hapo ioshe kwa petroli, iache ikauke kabisa juani mpaka harufu iishe. Ya kwanza tuliiosha haraka, grisi iliyobaki ikatoa moshi mweusi na mchomeleo ukajaa matundu. Ilikatika siku ya pili, tukairudia.

Baada ya kuchomelea: tumesimamisha kiti na mchanga katikati ya mteremko, umeme umekatwa, kamba limelegezwa, dakika 10. Hakikusogea. Kushuka sasa mota ndiyo inayoongoza, na ampea zinashuka hadi 3. Hata hivyo breki za mkono za kiti hatujaziondoa na hatutaziondoa.

Lakini kila dawa ina deni lake. Kiti sasa hakisukumiki. Betri ikiisha njiani, mota zimejifunga na cheni zimefungwa, na una kilo 100 za chuma na mtu katikati ya njia. Kwa hiyo bamba la kila mota tumelikata na kulirudisha kwa bawaba, na mkono wa chuma cha ujenzi cha milimita 10. Ukivuta mkono, mota inasogea mbele, cheni inalegea na kutoka kwenye meno, kiti kinakuwa cha kusukuma kama zamani. Dola 10. Kurudisha cheni kunataka dakika mbili na mikono michafu.

18 Mei: Tantini amepanda

Amekaa saa moja. Yafuatayo ni aliyosema.

Mkono wa bawaba unamgusa goti la kushoto. Tumeukata sentimita 6 na kuukunja nje.

Kiti kinaanza kwa kumrusha. Sisi tulikuwa tumepima kwa mchanga, na mchanga hauna shingo. Sasa nguvu inapanda taratibu kutoka sifuri hadi juu kwa sekunde moja na nusu, na inashuka kwa nusu sekunde.

Magurudumu madogo ya mbele yanazama kwenye tope. Mvua za Mei bado zipo. Tumeweka mengine ya sentimita 20 yaliyotoka kwenye kigari cha mtoto, dola 9.

La nne tulikuwa hatujalifikiria kabisa. Alikuwa katikati ya njia, mimi nimesimama mlangoni na simu, namwendesha. Akainua mkono tusimame. "Sasa weye ndiye utaniendesha na telefone yako?" akaniuliza. "Siku ukienda masomoni, miye ninabaki fasi gani?"

Nikamwambia simu anaweza kuishika mwenyewe. Akaijaribu. Kioo cha simu hakina kitu cha kushika. Kidole kikiteleza, kiti kinasimama, kama tulivyokiamuru. Na jicho linatakiwa kuwa njiani, si kwenye kioo. Baada ya mita tano akanirudishia. "Miye si taksi," akasema, akataka kushuka.

Jioni hiyo tumenunua joistiki ndogo, kile kijiti cha kuelekeza kama cha michezo ya video, na kitufe chekundu cha kukata umeme, dola 5. Joistiki imefungwa kwenye mkono wa kulia wa kiti, ndani ya kipande cha bomba la maji. Programu imeandikwa upya hivi: joistiki ikiguswa, simu haisikilizwi. Kitufe chekundu hakipiti kwenye Arduino hata kidogo, kinakata relei inayopeleka umeme kwa BTS7960. Kwa hiyo moja kati ya zile relei nne imepata kazi.

Mwenzetu mmoja alilalamika kwamba kazi tuliyopewa ni ya rimoti. Ni kweli. Tumemwachia aandike sura hiyo ya ripoti.

8 Juni: Betri

Betri za UPS zimekufa rasmi. Zilikuwa zimekufa tulipozinunua, sisi ndio tuliokuwa tukizifanyia matanga ya muda mrefu. Dola 10 za kutupa.

Mpya ni ya jeli, volti 12, ampea-saa 20, kilo 6, dola 48 kwenye duka la vifaa vya sola. Chaja yake 15. Zile za kuwashia gari ni rahisi kupata, lakini zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, ukizitumia hadi chini kila siku hazimalizi mwaka. Vitu vidogo vilivyobaki, yaani LM2596, kapasita, fyuzi za ampea 30 na nyaya nene, vimefika 14.

Vipimo na Tantini juu: tambarare ampea 9, kupanda 26. Toka mlangoni hadi barabarani na kurudi, mara sita mfululizo, pamoja na kusimama kusalimia watu, dakika 47, na betri imebaki volti 11,9. Arduino inapiga kengele ikifika 11,8. Arduino haijajizima hata mara moja tangu betri ibadilishwe, kwa hiyo nusu ya kazi ya tarehe 6 Aprili ilikuwa kutibu kivuli. Kapasita tumeiacha pale pale.

Kuchaji ni usiku, umeme ukiwepo. Wiki hii ulikatika usiku tatu. Anapanga safari zake kwa hesabu hiyo.

29 Juni: Mbele ya jopo

Ukumbi uko ghorofa ya kwanza na jengo lina ngazi tu. Tulikibeba kiti watu wanne, kilo 38, tukamwacha Tantini nyumbani maana hatungeweza kumwomba abebwe hivyo mbele ya watu. Tukawasilisha kiti cha mtu asiyetembea bila mwenye kiti.

Swali gumu kuliko yote lilikuwa kuhusu rimoti: kichwa cha mradi kinasema rimoti, mbona nyinyi mmeiweka kuwa ya akiba? Tulieleza ya Mei 18. Mwalimu mmoja alitikisa kichwa kukubali, mwingine aliandika kitu kirefu. Tumepata 14 kwa 20. Sura ya mwenzetu kuhusu rimoti ndiyo iliyosifiwa.

13 Julai: Kiti kimekaa wiki mbili bila sisi

Hesabu ya mwisho ni dola 237, kiti chenyewe hakimo. Tumevuka bajeti kwa 87. Kilichopotea moja kwa moja ni L298N, betri za UPS na relei tatu zilizobaki kwenye droo, dola 22. Anayeiga leo akianzia kwenye BTS7960 na betri ya jeli atatumia kama 215, na hatachoma fyuzi tatu akibishana.

Yaliyoharibika ndani ya wiki mbili: cheni ya kulia imelegea (fundi ametoa pingili moja), na mpira wa joistiki umechanika, sasa kuna kidole cha glavu ya daktari kimefungwa kwa uzi.

Simu, nilidhani imeachwa. Nilipofika leo asubuhi Tantini alikuwa bado kitandani na kiti kilikuwa upande wa pili wa chumba, kwenye chaja, kwa sababu soketi iko huko. Siku za kwanza kiti kililala kando ya kitanda, na akitaka kukichaji ilibidi mtoto wa jirani aje kukisogeza, kisha aje tena asubuhi. Nikataka kukileta. Akanizuia, akachukua simu yake chini ya mto, akabonyeza. Kiti kikageuka, kikaja. Programu alikuwa amewekewa na mtoto huyohuyo wa jirani, wiki iliyopita, na hakuna aliyetuambia. Waya wa chaja unachomoka wenyewe kiti kikiondoka, kwa kuwa plagi ni legevu. Tulikuwa tumepanga kuikaza hiyo plagi.

Kiti kimegonga meza ya cherehani mara mbili, akasema, na akanionyesha alama. Kwa hiyo kasi ya simu nimeipunguza hadi robo, ya joistiki imebaki ilivyo. Plagi nimeiacha legevu.

Lililobaki ni maji. Arduino na BTS7960 zimo ndani ya kopo la siagi la plastiki chini ya kiti, lenye matundu mawili ya hewa yanayotazama chini. Sasa ni kiangazi, vumbi tu. Mvua zikirudi Septemba tutajua kama kopo linatosha.